Shuka la Kiangazi kwenye Kibanja cha Mama Mkwe

Ninauza mashuka ya mitumba kwenye minada ya Kyerwa, leo Kaisho, kesho Songambele. Kila belo likifunguliwa hayakosekani mashuka yenye madoa ambayo hata umwapie mteja kwamba ni maua, hakubali. Hayo ndiyo yaliyonipa mchezo wangu. Wenzangu wanacheza bao. Mimi nachora mabaka ya kujifichia, kila msimu na lake.

Nilifundishwa na kware. Nilikuwa napita njia ya mkato katika nyasi za kilimani, akaruka kutoka pembeni mwa kiatu changu. Pale alipolala nilikuwa nimepatazama mara mbili, maana mimi kila kitu natazama mara mbili, na sikumwona. Nikajisemea, mfanyabiashara akipata ujuzi huu, wakusanya ushuru watateseka.

Rangi sinunui. Natumia utomvu wa mgomba, ambao kila mama wa huku anaujua: ukidondokea nguo umehamia humo na mizigo yake. Unaingia kama maji, kesho ni kahawia, na sabuni hauiogopi. Weusi unatoka kwenye masizi ya sufuria, wekundu kwenye udongo wa barabara. Kijani napata kwa kuponda majani ya maharage. Hakidumu, lakini masika nayo hayadumu. Lililonisumbua zaidi ni shuka la Septemba, vilima vikishachomwa moto na majani mapya yakianza kuchungulia kwenye majivu. Kila nikilimaliza, mvua inabadilisha kilima.

Nguo sijawahi kushona. Raia havai mabaka ya jeshi, hilo halihitaji kuelezwa. Hata hivyo mtendaji wa kijiji aliwahi kusimama kwenye kamba yangu ya kuanikia.

"Mzee, haya si ya jeshi?"

"Mtendaji, jeshi gani linavaa majani ya ndizi?"

Akaligeuza moja. Upande wa pili akakuta sungura wa kitanda cha mtoto. Akacheka, akaenda zake.

Ugomvi wa kweli ulikuwa nyumbani. Mashuka yangu yalikaa kwenye chumba kidogo cha uani, na mwaka jana, kiangazi kilipoingia, mke wangu alikitaka chumba hicho kwa ajili ya magunia ya kahawa.

"Baba watoto, kahawa inalala wapi?"

"Sebuleni kuna nafasi."

"Basi wewe na mashuka yako mlale sebuleni. Hayo mabaka yako hayajawahi kumficha hata panya."

Hapo akanipa mlango wa kujitetea. Tukapatana. Tulikuwa tunakwenda Kamuli kuchuma kahawa kwa mama yake. Nikijifunika shuka la kiangazi ndani ya kibanja, shamba lile la migomba na kahawa, na wachumaji wasinione mpaka chai ya saa nne, chumba ni changu. Nikionekana, mashuka yatatoka na sitayarudisha. Nilijaribu kuomba iwe saa tatu. Alikataa.

Sasa, kwa mila ya ukoo wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Vijana wamelegeza. Mama mkwe wangu hajalegeza. Shikamoo yangu hupita dirishani, na marahaba yake hurudi kwa njia hiyohiyo. Asubuhi ile nilikwenda kwa amani, kwa sababu tuliambiwa amekwenda mnadani.

Nililala kwa ubavu, mgongo nimeuegemeza kwenye mgomba, shuka juu yangu mpaka kichwani, nimeacha tundu la jicho. Lilikuwa zuri. Nililichora nikiwa nimekaa ndani ya kibanja kilekile: majani makavu yaliyoning'inia, nyasi zilizotandazwa chini kutunza unyevu, vipande vya jua. Wifi zake mke wangu wakapita na vikapu vyao wakisengenya mtu ambaye bahati nzuri hakuwa mimi. Mke wangu mwenyewe akapita, akasimama, akatazama huku na huku, akaendelea. Nilimsikia akisema, "Amejificha chooni huyu."

Kisha nikaona miguu isiyo na haraka na ncha ya mhoro, kile kisu kilichopinda cha kupogolea migomba. Mama mkwe alikuwa amerudi.

"Nani huyu kanisogezea nyasi mpaka shinani?" akasema. "Anataka fukusi wanimalizie mgomba?"

Hapo nikalijua kosa langu. Huku hakuna mtu anayetandaza nyasi hadi kwenye shina la mgomba. Unaacha duara tupu, wadudu wasipate pa kulala. Nilikuwa nimechora nyasi safi kabisa, halafu nikazilaza mahali ambapo nyasi hazikai.

Akainama, akatia mhoro avute. Ukanasa ukingo wa shuka, kiatu changu kikatoka nje.

Alijua ni mimi, maana mwanamume mwingine wa kulala chini ya shuka kwa hiari hakuwepo Kamuli. Akageuka haraka, akajifunika kanga usoni, akanipa mgongo.

"Mwaka huu migomba inaota viatu," akauambia mgomba wa jirani. "Haya. Mimi napita njia ya chini. Wenye kutaka chai waifuate njia ya juu."

Saa nne haikuwa imefika. Sikuondoka.

Kwenye chai nilikaa na shemeji nje, mama mkwe akiwa jikoni na mabinti. Mke wangu akamuuliza mbele ya wote, "Mama, umeona mtu huko kibanjani?"

"Mtu gani?"

"Mkwe wako."

"Tangu lini mimi nikamwona mkwe wangu?"

Shemeji akapaliwa na chai. Mke wangu akatoka mlangoni.

"Kakuona."

"Kasema hajaniona."

"Hiyo ni heshima, si rangi zako."

"Tulipatana nisionekane. Kwa sababu gani, hatukupatana."

"Wachumaji ndio uliowashinda. Mama hakuwa mchumaji," akasema, "lakini mhoro wake ulikufunua. Nusu ya chumba."

Nikataka robo tatu. Akarudi jikoni. Tuliporudi nyumbani Kaisho niliyapanga mashuka upande wa dirisha, magunia yakakaa upande wa mlango, na kila nikitaka kuchora ilinibidi kupita juu ya kahawa yake.