Siku Jua Lilipopatwa

Juzi daktari aliinua picha ya eksirei dirishani, nami nikajikuta tena uani kwetu Ilomba, siku jua lilipopatwa.

Majirani walipokezana picha ya kifua cha mama ili watazame jua bila kuumia macho. Ilinuka vitunguu vya vidole vyao. Mama mwenyewe tulimsikia akikohoa ndani. Kuku walishaanza kurudi bandani.

"Limepatwa na nini?" nilimwuliza Mama Neema, jirani yetu.

"Limepatwa tu, mwanangu. Litaachiwa sasa hivi."

Mama naye walisema amepatwa na kifua kikuu. Basi nikasubiri waachiwe pamoja.

Mwanga uliporudi, watu walipiga makofi. Mimi niliiinua tena ile picha. Jua lilikuwa zima. Doa jeupe kwenye mbavu za mama lilikuwa palepale.