Kaburi la Baba Yake Elvire

Mzee Lothar alikuwa na miaka tisini na tisa, na Leokadia ndiye aliyemwogesha kila asubuhi nyumbani kwake Jakobsberg, Ujerumani. Kazi ya kutunza wazee ameifanya miaka kumi na minane. Ameosha migongo mingi na kufumba macho ya wengi, hata moyo ukafa ganzi.

Kando ya kitanda kilikaa kitabu cha historia ya divisheni ya mzee, divisheni ya akiba ya jeshi la Ujerumani. Ilikuwa ya kufundishia vijana, kisha mwaka 1944 ikapelekwa milima ya Ufaransa kuwasaka wapiganaji wa msituni. Kurasa mia tatu za madaraja na medali, na kijiji kimoja kimepewa mistari miwili tu. Hapo walipigwa risasi wanaume kumi na mmoja, wakazikwa pasipojulikana. Binti wa mmoja wao, Bi Elvire, ambaye sasa ana miaka themanini na mitano, akamwandikia mzee: kati ya waliokuwapo umebaki peke yako, niambie baba yangu mlimzika wapi. Annick, Mrundi anayefanya kazi na Leokadia, ndiye aliyewatafsiria barua hiyo kutoka Kifaransa.

Wiki tatu mzee alinyamaza. Jumanne moja, katikati ya uji, akaanza, "Tulipanda kutoka kanisani..." Machozi yakamtoka.

Bibi aliyemlea Leokadia huko Bukoba alimfunza kwamba mtu mzima akilia, mtoto hatazami. Huondoka amwachie heshima yake. Basi akaenda jikoni huku mzee akiendelea kusema, akafungua bomba, maji yakaimeza sauti yake, akasugua sufuria iliyokuwa safi. Aliporudi, mzee alikuwa amekwisha kujifuta uso.

"Umesikia?" akauliza.

Kumrudisha mzee kwenye aibu yake mara ya pili, hilo Leokadia hakuliweza.

"Nimesikia."

Mzee akashusha pumzi, akamaliza uji wote. Ijumaa akafariki. Mlaumu Leokadia ukipenda. Adabu ndiyo iliyomponza.

Jumatatu, yeye na Annick wakiwa wanafungasha vyombo vya marehemu, simu ya mezani ikalia. Ni Bi Elvire. Annick akampa habari za msiba, akasikiliza, kisha akamgeukia mwenzake.

"Dada, bibi anauliza kama mzee alisema."

Leokadia alingoja uchungu umjie. Haukuja.

"Alisema."

Annick akatafsiri. Upande wa pili bibi akalia kwa shukrani, akaomba wamsubiri achukue kalamu. Wakamsubiri mpaka akarudi.

"Mwambie," Leokadia akasema, "mimi nilikuwa jikoni."