Udongo wa Chumba cha Bibi

Juzi niliona vijana wakichimba kichuguu kule Ruashi, na harufu ya udongo ule ikanirudisha utotoni, mji wetu ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Kichuguu chetu kilishinda kanisa kwa urefu, naapa! Baba alikuwa akikikata kidogo kidogo apate matofali ya chumba cha bibi yangu, aliyekuja kutoka Kambove kukaa nasi, na mchwa wakikijaza tena. Mchana mmoja nilichokonoa ndani nikapata mdudu mweupe, mnene kama kidole gumba. Nikadhani ndiye anayekula nyumba yetu, nikamtupia kuku.

"Uliona ule mukubwa?" baba aliuliza akichungulia shimo nililochokonoa.

"Kuku ilimumeza, tata."

"Eh, weye mutoto! Ule iko mama yabo! Nani atajenga sasa?"

Nilicheka hadi nikaanguka. Mchwa hawakujenga tena, na kuta ziliishia madirishani. Bibi akarudi Kambove na yule kuku kwapani, zawadi ya safari. Alinishukuru mimi kwa kumnenepesha.