Sevu Zote kwa Aliye Hodari

Mke wangu hucheza mpira wa wavu wa ufukweni kwa kulipwa, na kwa muda mrefu nilidhani na mimi naujua mchezo huo. Kumbe nilikuwa naangalia smashi tu, kama watu wengine. Yeye akimaliza kazi za jioni huketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, hapa kwetu Tegeta, akaegemeza simu kwenye ndoo na kuangalia fainali za wachezaji wakubwa wa nje. Sauti huizima. Mtu akiruka akaukandamiza mpira mchangani, mimi nashangilia. Yeye anarudisha picha nyuma aione sevu, ule mpira wa kwanza ulioanzisha yote.

"Kapigiwa nani?" huniuliza.

Mara nyingi nilikuwa sijaangalia. Akanielewesha polepole kwamba kila upande una watu wawili tu, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Anayepokea sevu ndiye ambaye mwenzake atamtengea mpira, yaani kuuinua juu karibu na wavu, na ndiye atakayeupiga kuuvusha wavu. Kwa maana hiyo, mpiga sevu ndiye anayewachagulia wapinzani nani afanye kazi. Timu nyingi humtafuta aliye dhaifu, zikampigia huyo huyo mpaka aishe.

Msimu uliopita alifika fainali, na ilichezwa Mbweni, si mbali na kwetu. Mwenzake ni binti wa Iringa, mrefu, kazi yake kuzuia wavuni. Mke wangu ni mfupi, analinda nyuma. Upande wa pili kulikuwa na dada mmoja mwenye mkono mzito, aliyecheza nje miaka kadhaa na kila mtu anamjua. Pamoja naye alikuwa binti mgeni kwenye mashindano, mwepesi wa miguu ila mikono yake bado inayumba. Pale mtaani hata wauza madafu walijua binti huyo ndiye angepigiwa.

Asubuhi za wiki ile, kabla sijaenda kufungua duka langu la vifaa vya umeme, nilikuwa nakwenda naye ufukweni kumwokotea mipira. Alitandika fulana yangu mchangani upande wa pili, akawa anailenga. Baada ya muda niligundua fulana iko mahali anaposimama yule dada hodari. Nikamwambia amekosea upande.

"Sijakosea," alisema. "Nikimpigia binti, anatengewa na yule dada, na yule akikutengea ni kama amekuwekea chakula mezani. Nikimpigia dada, anatengewa na binti. Tena dada ndiye mzuiaji wao. Apokee, akimbie, apige, arudi wavuni kuzuia. Nataka nimchoshe."

"Asipochoka?"

"Tutafungwa," akasema, kama mtu anayekwambia sukari imeisha, akaenda kuchukua mpira mwingine.

Mtu mwingine wa kutajwa hapa ni mama mkwe wangu. Yeye ni mtu wa Temeke, kazaliwa huko na wazazi wake vilevile, na hupika kwenye shughuli za harusi. Alikuwa hajawahi kumwona binti yake akicheza hata siku moja. Si kwamba aliupinga mchezo. Hakuweza tu kustahimili kumwona akishindwa. Kila baada ya mechi alinipigia simu, na kabla ya kuuliza matokeo aliuliza kama mwanawe amelia. Safari hii mke wangu alimwomba mwenyewe aje, na akaja, kajitanda kanga, na hotipoti la sambusa mkononi. Akaketi karibu yangu chini ya turubai.

"Mkwe, uwe unanieleza," alisema. "Mie sijui kitu."

Upepo ulikuwa unatoka baharini. Mke wangu alirudi nyuma ya mstari, akarusha mpira juu, akaupiga kwa kiganja kigumu ili usizunguke. Mpira wa namna hiyo huyumba hewani, na ukikutana na upepo huanguka ghafla. Uliangukia mbele ya yule dada. Alikimbia, akauinua, akatengewa, akapiga. Yule wa Iringa hakuugusa. Sevu iliyofuata ilikwenda kwa huyo huyo, naye akapiga tena, na mambo yakaendelea hivyo mpaka seti ya kwanza ikaisha, tumefungwa vibaya. Watu nyuma yetu walianza kucheka. Mmoja alisema mke wangu anawapa wapinzani zawadi.

Mama naye hakuvumilia. "Mbona anampa mpira huyo huyo anayewaua? Mwambie ampe yule mtoto."

Nilimjibu kwamba haturuhusiwi kuwaelekeza, na kwamba binti yake ameamua mwenyewe. Nilijibu kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa upande wa mama.

Katikati ya seti ya pili niliona kitu. Yule dada alikuwa akishapiga hurudi wavuni mbio. Sasa alikuwa anarudi akitembea. Halafu akaanza kushika kiuno. Mke wangu akamdondoshea mpira mfupi, uliofuata akaurefusha mpaka mgongoni kwake, kisha mfupi tena. Binti naye, kila alipotenga, mpira ulisogea wavuni mno, na mikono ya mwenzetu wa Iringa ikawa inausubiri. Seti ile tukachukua sisi. Mmoja wa waliokuwa wanacheka akawa anamweleza jirani yake mpango ule kana kwamba aliubuni yeye.

Seti ya tatu huwa fupi. Wapinzani waliomba mapumziko, wakateta wamefunika midomo kwa taulo. Waliporudi, dada alipokea sevu kama kawaida, lakini binti hakumtengea. Aliruka na kuupiga yeye mwenyewe kwa mguso ule ule wa pili. Alikuwa na nguvu zake zote, maana mchana kutwa hakuna aliyemchosha. Akafanya hivyo tena, na tena.

Zamu ya sevu ilipomrudia, nilimwona mke wangu akisimama na mpira mkononi, akimtazama yule binti. Hakuonyesha hasira wala aibu. Sevu iliyofuata akampigia binti, kwenye bega la kushoto, na mpira ukaruka kutoka mikononi mwake mpaka kwa watazamaji. Pointi zikalingana. Mpango alioulinda mbele ya vicheko vya watu, aliuacha palepale ulipokwisha kazi. Nimeishi naye miaka, na sikujua kama mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ubishi ule na wepesi ule.

Walikwenda sambamba hadi mwisho. Mpira wa mwisho ulimfikia dada ukiwa chini na mbali na wavu. Hakuwa na nguvu ya smashi. Aliugusa tu kwa vifundo vya vidole, ukapita juu ya mikono ya mzuiaji wetu. Mke wangu alijirusha, akaupata kwa mgongo wa kiganja, lakini ukalala mchangani. Tukafungwa kwa pointi mbili.

Mama akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. Mke wangu alikuwa amelala kifudifudi. Upande wa pili dada alianguka akishikilia mguu, misuli imembana. Mke wangu aliinuka, akapita chini ya wavu, akamkunja vidole vya mguu kuelekea gotini mpaka misuli ikaachia.

"Mdogo wangu," dada alisema, "ungenipigia hata tatu zaidi, ningetolewa hapa kwa machela."

Wote wawili wakacheka.

"Hajalia," mama aliniambia.

"Hajalia, mama."

Akakung'uta kanga yake, akabeba hotipoti lake, akaenda mwenyewe mpaka kiwanjani. Dada akamwamkia shikamoo akiwa bado amekaa, naye akaitikia na kumkabidhi sambusa ya kwanza. Wachezaji wote wanne walikula pale pale, na mke wangu akawa anamwonyesha yule binti namna ya kugeuza bega sevu inapomjia kushoto.

Jioni mama hakutaka kurudi Temeke. Alipasha mafuta ya nazi, akatandika mkeka sebuleni, akamkanda binti yake miguu, na mke wangu akasinzia chakula hakijaiva. Nikapunguza moto wa jiko, nikatoka uani kusuuza mchanga kwenye mipira.