Safari ya Chozi la Jicho la Kushoto

Niliondoka nyumbani Gatumba kwa sababu ya jicho la kushoto. Lilitiririka bila huzuni, asubuhi hadi jioni, na wakwe walipokuja kumposa binti yangu Divine, likatiririka mbele ya mtungi wa pombe ya ndizi. Msemaji wao, mzee mwenye adabu nyingi, aliniona nikijifuta, akaichomoa mirija ya kunywea mtungini. Akasema hawachukui mtoto katika machozi ya baba yake. Wangerudi Jumapili, huenda nikawa nimeridhika. Nilieleza kuwa ni ugonjwa, lakini nani amwamini mtu anayelia? Divine hakula siku ile.

Alfajiri, barabarani. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, nikapanda baiskeli ya kukodi. Kwenye daraja la Rusizi ukungu ulilala juu ya maji, viboko wakipumua humo bila kuonekana. Kwa jicho langu lililojaa, milima ya Kongo ilikuwa ikielea. Sitaficha, nilifurahia ugonjwa wangu kidogo.

Kutoka mjini nilipanda kilima cha Kinanira hadi kliniki ya macho. Daktari, mama wa makamo, alinidondoshea dawa ya njano macho yote mawili, kisha akaniambia nipenge kamasi. Pua ya kulia ikatoa njano. Ya kushoto haikutoa kitu.

"Mzee, maji ya jicho iko na njia," alisema. "Ya kwako imefungwa pale mu mulango."

Nikafumba macho, naye akanisafirisha kwa sauti yake. Chozi huzaliwa kwenye tezi, juu ya jicho upande wa nje. Kope hulipangusa kuvuka jicho lote hadi kona ya puani. Huko, ukope wa juu na wa chini kila mmoja una kitundu. Chozi huzama humo, hufuata kijimfereji, hutua kwenye mfuko kando ya pua, kisha huteremka ndani ya mfupa mpaka puani, na kooni. Nilijiona nikishuka nalo, gizani, kwenye uvuguvugu, bila haraka. Sisi wa Gatumba tunaijua mitaro: ukiziba mmoja, maji huingia chumbani. Sikujua kwamba hata uso una yake.

Alitia dawa ya ganzi, akakipanua kitundu cha chini kwa kijiti chembamba cha chuma, akapitisha maji ya chumvi. Mara nikaionja chumvi kooni, nikacheka kama mtoto. Alinionya kuwa kinaweza kuziba tena, nikiona dalili nirudi.

Jioni nilirejea polepole. Ziwa na anga vilikuwa rangi moja, na kila kitu kilisimama mahali pake. Niliutamani ule ukungu wa asubuhi.

Jumapili wakwe walirudi. Msemaji alinikagua kwa heshima, akanyonya mrija wa kwanza, na mtoto wangu akawa wa kwao. Divine alipiga magoti kunipa kinywaji, akakawia, akinitafuta usoni.

"Papa, jicho yako ni kavu," alinong'ona. "Hata kidogo hunililii?"

Nilikuwa nimejifunza njia nzima, kutoka tezi hadi koo, wala sikujua kama ningeihitaji upesi hivyo. Nilimeza, nikameza tena, ndipo sauti ikatoka.

"Iko inapita, mama," nilimwambia. "Iko inapita ndani."