Siku Niliyoshushwa Kwenye Lori

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shule akirukaruka: kachaguliwa timu ya netiboli. Nilimkumbatia, kisha nikaingia jikoni nikalia. Hakujua kwa nini. Wewe ngoja nikwambie.

Utotoni, kule Mbekenyera, nilikuwa mfungaji. Mwalimu wetu wa michezo, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza, alitufundisha jioni kwenye uwanja wa vumbi, na pete yenyewe ilikuwa ringi kuukuu ya baiskeli. Mama alinishonea sketi kwa kanga yake. Kaka yangu alicheza mpira wa miguu, na baba hakukosa mechi yake hata moja. Alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Kwangu hakuwahi kufika. Nilijiambia zamu yangu inakuja.

Tukachaguliwa mimi na kaka kwenda kushindana Nachingwea. Asubuhi hiyo lori linanguruma, sisi juu tunaimba, mihogo ya kuchemsha inanukia kwenye vifurushi. Nikamwona baba anakuja na baiskeli yake. Nikampungia mkono, nikadhani amekuja kutuaga.

"Shuka," akaniambia.

"Mzee, huyu ndiye mfungaji wangu," mwalimu akamsihi.

"Mmoja anatosha. Ufuta umekauka. Ukipasukia shambani, utakuja kuokota wewe?"

Kaka akainamia viatu vyake. Mama, aliyekuja kutusindikiza, alichukua kifurushi changu cha mihogo, akampa kaka.

Kutwa nzima nilikung'uta ufuta juu ya turubai, mbegu zikimwagika kama manyunyu ya mvua, baba akipiga mluzi kando yangu. Wenzangu walifungwa. Baadaye mwalimu alihamishwa tena, pete ikaanguka, na leo ule uwanja umejengwa vibanda. Sketi sijui iliishia wapi. Pengine iligeuka tambara la kudekia.

Jumamosi iliyopita binti yangu alicheza Ruangwa mjini. Baba, na uzee wake wote, alipanda bodaboda akaja, wala hakuna aliyemwita. Alisimama mchezo mzima akipiga makofi. Mjukuu wake alipofunga, akanishika mkono, macho yanang'aa.

"Mwanangu, huyu mtoto kipaji hiki katoa wapi?"

Nilimtazama, nikisubiri acheke, nijue ananitania.

Hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.