Aliyeshuka Kilimanjaro Akiwa Amebebwa

Jumatatu asubuhi binti wa rafiki yangu mmoja alinipigia simu kutoka Goweko, akaniambia baba yake amefariki usiku, presha, na mazishi ni kesho yake mchana. Nilimpa pole, nikakata simu, na kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa majonzi bali hasira. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii hukasirika upesi. Hukasirikia vumbi la barabara ya Isikizya, hukasirikia wanaofyeka miombo kukaushia tumbaku halafu wanauliza mvua imekwenda wapi, na kuna wiki hukasirika kwa mazoea tu. Safari hii nina sababu. Marehemu alikuwa na jambo moja alilolitaka kwetu, jambo lisilomgharimu mtu chochote, na tumemzika bila kumpa. Alitaka aaminiwe.

Nilimfahamu kwenye treni, miaka kadhaa iliyopita, mimi nikirudi nyumbani Chemchem, Tabora mjini, na yeye akishuka Goweko. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, mwenye shingo nene isiyolingana na mwili wake, na nilipomtania kuhusu shingo hiyo akacheka, akasema ni ya kununua Moshi. Ujana wake wote alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Alitoka kwao kwa sababu ya kuchoka na tumbaku, akaenda kubeba mahema, mitungi ya gesi, meza na viti vya wageni, na mara nyingine hata choo chao. Aliniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba mlima unapandwa kwa mapafu lakini unashukwa kwa magoti. Wageni huogopa kupanda; wapagazi wazoefu huogopa kushuka, maana ndiko magoti yanakoliwa. Alikuwa na wenzake aliowaacha Moshi wenye umri wa ujana na magoti ya wazee, wanaoingia kanisani wakishikilia viti. Yeye mwenyewe, treni iliposimama kwenye kituo kidogo na watu wakateremka kununua karanga na asali, alishuka ngazi kinyumenyume, mguu mmoja mmoja, akiwa ameshika vyuma vya pande zote mbili.

Katika miaka yake ya mwisho kule, walianza kuja wageni wa aina mpya, wanaopanda hadi kileleni kisha hawateremki kwa miguu. Hubeba parachuti, lakini si ile ya askari anayejirusha kutoka kwenye ndege. Hii ni bawa refu la kitambaa chepesi, lenye kamba nyingi nyembamba, ambalo mtu hulitandaza chini, hulikimbiza dhidi ya upepo mpaka lijae, kisha huondoka nalo mlimani akiwa amekaa kwenye kiti cha mikanda. Marehemu alikuwa akibeba mabawa hayo. Aliyapandisha, akawatazama wenyewe wakiondoka nayo, kisha akageuka na magoti yake kuanza kuteremka. Hadi safari moja ambayo mgeni mmoja alileta bawa la kubeba watu wawili, na mwenzake waliyepanga kuruka pamoja akaugua ugonjwa wa mwinuko kambini, akarudishwa chini akitapika. Kule juu, jua likiwa limeshatoka na upepo ukivuma vizuri, mgeni akamtazama mpagazi wake na kumwonyesha kile kiti cha pili.

Alinisimulia kwamba alikataa kwanza, si kwa woga wa kuruka bali kwa woga wa kuacha kazi. Mpagazi hateremki bila mzigo wake, hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa, na anayeivunja hapewi kazi tena. Ikabidi kiongozi wa msafara ampigie hesabu: mzigo wako ni nini? Ni bawa. Bawa linashukaje? Linaruka. Basi fuata mzigo wako. Wakafungwa mikanda, wakakimbia pamoja juu ya changarawe iliyoganda, na alichokumbuka kuliko vyote ni kwamba miguu yake iliendelea kukimbia hewani muda mrefu baada ya ardhi kwisha, mpaka mgeni akampiga begani na kumwashiria akae. Barafu ilipita chini yake, kisha mawe, kisha ukungu, kisha msitu, kisha migomba, na hatimaye wakatua kwenye uwanja wa mpira wa shule watoto wakiwa mapumziko. Alisimama, akakunja goti la kulia, akakunja la kushoto. Hayakuuma. Aliniambia alikaa chini pale pale katikati ya uwanja akalia, na watoto wakadhani amevunjika.

Hapo kwenye treni aliniambia maneno ambayo nimekuwa nikiyatembeza kichwani tangu siku hiyo. Alisema, "Babu yangu alibeba hadi Bagamoyo, akarudi amebeba. Baba yangu alibeba marobota ya tumbaku mpaka mgongo ukapinda. Mimi ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu kushuka nikiwa nimebebwa." Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Mtu anayetunga uongo hujisifia ushujaa, na huyu alikuwa akijisifia magoti. Sisi watu wa Unyamwezi tumejengewa jina juu ya mabega yetu. Njia ya misafara ilipita hapa, reli ikafuata, na mpaka leo mtu akitaka kutusifu atasema hawa ni watu wa kazi, wanabeba. Hakuna anayeuliza walirudije. Sifa hiyo imetuingia mpaka mtu wa kwetu akionekana amepumzika, tunamuuliza anaumwa nini.

Aliporudi Goweko kuishi, alirudi na bawa. Lilikuwa kuukuu, kitambaa kimechoka kiasi kwamba wenyewe hawalirukii tena, ndiyo maana yule mgeni alimwachia. Lakini linafaa kwa mazoezi ya chini, ya kulisimamisha juu ya kichwa kama tiara kubwa ya watoto na kulituliza kwa kamba. Akawa analifanyia mazoezi kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwishavunwa, pale penye uwazi na upepo. Vijana walikusanyika. Aliwafundisha kusoma upepo kwa nyasi na kwa moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, kulipandisha, kulilaza. Alikuwa na ndoto, na hakuificha: siku moja awapeleke wawili watatu Sekenke, kwenye ule ukingo wa milima unapoteremkia Igunga, wakiwa na bawa zima na mwalimu anayejua, waruke. Kila nilipopita kumsalimia alinionyesha kijana aliyepiga hatua zaidi. Mkewe alikuwa akimcheka kwamba amestaafu ubebaji akawa mchunga upepo, lakini ni yeye aliyelishona bawa lilipochanwa na miiba.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilichelewa. Miche ya tumbaku ilikuwa imesimama kitaluni ikingoja kupandikizwa, mikopo ya mbolea ikiwa imeshachukuliwa, na watu wakitazama juu kila asubuhi. Ukitazama juu Goweko mwaka ule, kitu pekee ulichokiona ni bawa jekundu la bwana huyu. Maneno yakaanza. Kwamba kila wingu linapokusanyika, lile dude linasimamishwa na wingu linatawanyika. Wengine wakaingiza mzaha wa ungo, wa watu wanaosafiri usiku bila nauli, na huku kwetu mzaha wa namna hiyo hauchekeshi, kwa sababu tunawajua wazee walioondolewa duniani kwa mzaha ulioanza hivyo hivyo. Mkewe aliacha kucheka. Kikaitishwa kikao cha kitongoji, na marehemu akaniomba niende, akiamini kwamba mwandishi akiwepo watu watapima maneno yao.

Nilikaa nyuma, kwenye benchi. Mwenyekiti, mzee wa tumbaku aliyeheshimika, alizungumza kwa upole sana, na upole ule ndio ulionichosha. Alizunguka, akagusa umoja, akagusa msimu, akagusa malezi ya vijana, hakusema chochote. Walizungumza wengine sita au saba kwa mtindo huo huo. Mmoja alisema hana hakika kama kweli mtu anaweza kutoka mlimani akiruka, watu wakacheka, naye akafurahia kicheko chake. Hatimaye marehemu akasimama, akawaamkia waliomzidi umri, kisha akasema, "Mnasema nazuia mvua, au mnasema sikuruka? Chagueni moja. Kama sikuruka, hiki ni kitambaa tu na mimi ni mwongo. Kama kina nguvu ya kuzuia mvua, basi nilikwenda nacho angani. Niambieni ni lipi."

Mwenyekiti akatazama chini, akamjibu, "Ndugu yetu, sisi tunasema ulime."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu. Hakuna aliyelizungumzia tena swali lake. Alilikunja bawa, alilokuwa amekuja nalo kikaoni, mbele yetu, kwa utaratibu, akitoa hewa kwenye mifuko ya kitambaa mmoja mmoja kama mtu anayekunja nguo za maiti, akalibeba begani kwenda nalo nyumbani. Mvua zilinyesha zilipotaka kunyesha, na bila shaka wapo waliosema mnaona. Alilima. Nilipokuwa nikipita alinikaribisha, tukala viazi vitamu na karanga, tukaongea habari za bei na za wajukuu, na nikitaja mlima aliuliza habari za Tabora mjini. Mara moja tu, tukiwa tunaagana, aliniuliza kama nadhani watu wale walimwona mwongo au mchawi. Nikamwambia sijui. Akasema angependa kujua, kwa sababu mwongo hujirekebisha na mchawi huhama, lakini yeye hakujua afanye lipi. Halafu akacheka, kwa adabu, ili nisijisikie vibaya.

Nimekaa na jambo hili nikijaribu kulielewa bila kuwatukana watu wangu. Ninajua hofu ya mvua. Nimezaliwa ndani yake. Anayelima kwa mkopo hana nafasi ya kufanyia majaribio anga. Lakini sisi hawa hawa tunapeleka watoto shule, tunawaimbia kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, tunasukuma mmoja atoke akaone, na akirudi akasema alichokiona tunamkalisha kitako mpaka afanane na sisi tuliobaki. Vijana waliokuwa wakifundishwa kwenye ule mpunga leo wako kwenye bodaboda Nzega na Tabora. Mmoja alinibeba mwezi uliopita, akanitambua, na njia nzima alinieleza jinsi ya kujua upepo unatoka wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne nilikwenda kuzika. Nilipofika nilikuta wafiwa na wageni wamekaa kivulini, chini ya turubai jekundu lililofungwa kwenye nguzo za miti. Nilihitaji muda kulitambua. Lilikuwa bawa lenyewe, limefunguliwa, limetobolewa matundu ya kupitishia kamba za katani, maana kamba zake lilizokuja nazo zilikwisha kukatwa siku nyingi na mdogo wake marehemu, zikatumika kufungia mbuzi. Niliwaona mbuzi wenyewe. Ni kamba nzuri, haziozi. Nikakaa pale kivulini pamoja na wengine, mchungaji wa Moravian akaongoza ibada, kwaya ikaimba, kisha mpwa wake akasimama kusoma wasifu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi darasa la saba, akaenda Moshi "kwa shughuli mbalimbali", akarudi, akalima tumbaku na mahindi, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu. Amina. Nilimtazama mjane. Alikuwa ametazama juu, kwenye kile kitambaa, na midomo yake ikisema kitu ambacho sikukisikia.

Baada ya udongo na mashada nilimtafuta yule mwenyekiti. Alikuwa amezeeka, amekaa pembeni na fimbo yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini wasifu umeruka jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Sikumficha hasira. Nilimwambia kwamba walimwita mwongo mtu mkweli, na amekufa na neno hilo.

Mzee hakukasirika. Alionekana kushangaa.

"Mwongo? Nani alimwita mwongo? Mwongo tungemwacha aongee, watu wacheke, waende shamba. Yule tulimwamini. Vijana nao walimwamini, wakaanza kutazama juu. Sasa tumbaku ingekatwa na nani?"

Nikamuuliza kama waliwahi kumwambia kwamba wanamwamini.

"Hilo hakuuliza," akasema.

"Aliuliza," nikamjibu. "Alisimama mbele yenu nyote akauliza."

Mzee alifikiri. Aligeuka kutazama kaburi, na sina hakika kama alikuwa analikumbuka lile swali au analisikia kwa mara ya kwanza. Mjane alipita karibu yetu amebeba sahani za wageni, lakini mzee hakumwita amwambie. Mimi ndiye niliyemfuata jikoni nikamweleza. Aliweka sahani chini. Aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri, kama mwenyekiti amesema wote au amesema yeye peke yake. Nikamwambia amesema wote. Akafunika uso kwa khanga akasema, "Si wangekuja tu wamwambie, baba? Hata jioni moja."

Sina fundisho jingine la wiki hii zaidi ya hilo la mama huyu. Mtu akikuletea habari kubwa ya maisha yake na ukamwamini, inuka uende ukamwambie, hata kama umeamua kumkataza, hata kama una tumbaku shambani. Ukilifungia moyoni halimfai kitu. Kijiji kizima kilimwamini mtu huyu, na yeye peke yake ndiye hakuambiwa.